Dawa Zimeisha: Hesabu Iliyo Nyuma ya Rafu Tupu

"Dawa zimeisha, kanunue nje." Hakuna maneno yanayowaudhi wakazi kuliko haya wanapotafuta matibabu katika vituo vya umma. Kwa familia isiyo na pesa mkononi, maana yake huweza kuwa mtoto kulala na homa hadi siku ya soko, au mgonjwa wa shinikizo la damu kukatiza tembe anazopaswa kumeza kila siku.

Wengi huamini kuwa sababu ni moja kati ya mbili: pesa hazikutolewa, au dawa zimeibwa. Mambo hayo hutokea, na yanapotokea yanafaa kuchunguzwa. Lakini ipo sababu ya tatu isiyozungumzwa sana, nayo ni hesabu mbaya. Rafu inaweza kubaki tupu hata pesa zikiwepo na stoo ikiwa imefungwa vizuri, kwa sababu tu kituo kiliagiza kidogo, kilichelewa kuagiza, au kiliagiza dawa ambazo wagonjwa wake hawazihitaji.

Kazi ya kupanga watu, vifaa na muda ili huduma imfikie anayeihitaji kwa wakati huitwa usimamizi wa shughuli. Ilikulia viwandani, lakini siku hizi mbinu zake zinatumika hospitalini, bandarini na katika ofisi za umma. Mbinu hizo zimebadilika sana miaka ya karibuni, na mkazi anayezielewa ataweza kuuliza maswali yanayofaa dawa zinapokosekana.

Safari ya dawa hadi zahanati

Nyongeza ya Nne ya Katiba ya 2010 inazipa serikali za kaunti jukumu la kusimamia vituo vya afya na maduka ya dawa ya kaunti. Kaunti zote 47 zilianza kutekeleza majukumu ya ugatuzi mwaka 2013. Katika mpango huo, zahanati ni ngazi ya 2, kituo cha afya ni ngazi ya 3, na hospitali za kaunti ni ngazi ya 4 na ya 5.

Kwa kawaida, safari ya dawa huanzia chini. Msimamizi wa zahanati huhesabu kilichobaki na kuandika anachohitaji. Maombi hayo hukaguliwa katika kaunti ndogo, huunganishwa na ya vituo vingine, huidhinishwa na kaunti, kisha hutumwa kwa msambazaji. Msambazaji mkuu ni KEMSA, mamlaka ya kitaifa ya usambazaji wa dawa. Baada ya hapo dawa hupakiwa na kusafirishwa hadi mlangoni mwa kituo.

Kila hatua huchukua siku kadhaa. Oda ikikwama mezani kwa wiki moja ikisubiri sahihi, ni wiki moja zaidi ambayo mgonjwa atasubiri. Malipo nayo yakichelewa, oda inayofuata huchelewa pia, na ndiyo maana madeni ya kaunti kwa KEMSA yamezua mijadala mara kwa mara.

Kutoka kugawiwa hadi kuagiza

Kwa miaka mingi, vituo vidogo nchini havikuagiza dawa. Vililetewa masanduku yaliyopangwa makao makuu, kila sanduku likiwa na dawa zile zile kwa kiasi kile kile. Utaratibu huo ulikuwa rahisi, lakini haukutambua kwamba maeneo hutofautiana. Zahanati iliyo karibu na Ziwa Victoria, ambako malaria husumbua mwaka mzima na huzidi baada ya mvua, ilimaliza dawa zake mapema. Zahanati ya nyanda za juu zenye baridi ilibaki na dawa hizo hizo hadi zikaharibika.

Utaratibu wa sasa unataka kituo kiagize kulingana na matumizi yake. Wazo hili lilipata umaarufu katika viwanda vya magari vya Toyota nchini Japani baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mhandisi Taiichi Ohno alivutiwa na jinsi maduka makubwa ya Marekani yalivyojaza rafu: mteja akichukua bidhaa, nafasi iliyobaki wazi ndiyo inayomwambia mwenye duka alete nyingine. Hakuna anayekisia kutoka mbali. Anayetumia ndiye anayevuta bidhaa.

Mtindo huo una sharti moja. Anayetumia lazima aandike alichotumia. Mali bila daftari hupotea bila habari, na zahanati isiyo na rekodi sahihi haina tofauti na ile ya zamani iliyoletewa sanduku la kukisiwa.

Kuagiza lini, na kiasi gani?

Chukua mfano wa zahanati inayotoa dozi 60 za dawa ya malaria kila wiki. Kutoka siku ya kuagiza hadi siku ya kupokea, hupita wiki 3. Katika wiki hizo 3 zahanati itatoa dozi 180. Msimamizi akisubiri hadi zibaki dozi 60 ndipo aagize, zitamtosha wiki moja tu, na wagonjwa watakaa wiki 2 bila dawa.

Aidha, si kila wiki hufanana. Mvua ikinyesha sana wagonjwa huongezeka, na barabara ikikatika gari huchelewa. Kwa hivyo kituo huweka akiba ya tahadhari. Ikiwa akiba hiyo ni ya wiki 2, ni dozi 120. Jumla ni 300. Hivyo oda inafaa kuondoka dawa zinapofika dozi 300, wakati ambapo rafu bado inaonekana imejaa. Vituo vinavyoagiza kwa vipindi, kwa mfano kila baada ya miezi 3, huongeza katika hesabu hiyo dawa za kutosha hadi oda ijayo.

Sasa tuseme safari ya dawa imerefuka kutoka wiki 3 hadi 6. Dozi za kusubiria zinakuwa 360, na ukiongeza akiba ya 120, zahanati hiyo moja inahitaji kuanza kuagiza ikiwa na dozi 480. Idadi ya wagonjwa haijabadilika. Kilichobadilika ni muda. Kila kuchelewa kwa karatasi hulazimisha kila kituo kurundika dawa zaidi, na pesa ambazo zingenunua dawa nyingine hubaki zimelala kwenye maboksi. Ndiyo sababu wasimamizi wa kisasa huanza kwa kupunguza siku za kusubiri kabla ya kuomba bajeti kubwa zaidi.

Upungufu unaozaa upungufu

Kosa moja katika hesabu hii ni rahisi kufanya na ni vigumu kuligundua. Katika zahanati ile ile ya dozi 60 kwa wiki, dawa ziliisha katikati ya mwezi. Kwa wiki 2 zilitolewa dozi 120, na kwa wiki 2 zilizofuata haikutolewa hata moja. Daftari la mwezi linasema: dozi 120.

Anayeandaa oda akigawa 120 kwa wiki 4, atapata 30. Ataagiza dozi 30 kwa kila wiki, ilhali wagonjwa wanahitaji 60. Dawa hizo zitaisha katika nusu ya muda uliopangwa, na daftari litaonyesha tena matumizi madogo. Kadiri kituo kinavyokosa dawa, ndivyo karatasi zinavyoonyesha kwamba hakizihitaji.

Dawa ya kosa hili ni kugawa dozi zilizotolewa kwa wiki ambazo dawa ilikuwepo, si kwa wiki zote za mwezi. Dozi 120 kwa wiki 2 ni 60, na hapo hitaji halisi linaonekana. Pia ni muhimu kuandika kila mgonjwa aliyekosa dawa. Mgonjwa anayeambiwa akanunue nje bila jina la dawa hiyo kuandikwa popote ni hitaji ambalo halitahesabiwa kwenye oda ijayo.

Akiba ya dawa huoza

Viwanda vingi duniani viliwahi kushindana kupunguza akiba hadi karibu na sufuri, vifaa vikifika saa vinapohitajika. Mwaka 2020 janga la Covid-19 lilionyesha hatari ya mtindo huo. Glavu na barakoa ziliadimika kote. Mwezi Machi mwaka huo India, ambayo huuzia mataifa mengi dawa za bei nafuu ikiwemo Kenya, iliweka vikwazo kwa muda dhidi ya kuuza nje baadhi ya dawa, paracetamol ikiwa mojawapo. Mwaka uliofuata, meli ya Ever Given ilikwama kwenye Mfereji wa Suez kuanzia tarehe 23 hadi 29 Machi na kuzuia mamia ya meli nyingine. Tangu wakati huo, mwelekeo umekuwa kuweka akiba ya kutosha kwa vitu vya lazima na kutotegemea muuzaji mmoja.

Hata hivyo, wahenga waliposema akiba haiozi hawakuwa wakizungumzia dawa. Dawa ina tarehe ya mwisho, na ikipita ni hasara ya pesa na gharama ya kuiteketeza. Ndiyo maana stoo nzuri hutoa kwanza dawa inayokaribia tarehe yake, hata kama ilifika jana, badala ya kutoa kwanza iliyotangulia kufika.

Kwa dawa zisizotumika mara kwa mara, njia nyingine ni kuziweka mahali pamoja na kuzipeleka haraka zinapohitajika. Rwanda ilianza mwaka 2016 kusafirisha damu kwa ndege zisizo na rubani kutoka kituo kimoja hadi hospitali za mashambani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba damu iliyoharibika kwa kupitwa na tarehe ilipungua kwa asilimia 67 katika mwaka wa kwanza, kwa kuwa hospitali hazikulazimika tena kujiwekea damu ya kila aina. Lakini bila usafiri wa kuaminika, kuweka dawa mbali na mgonjwa ni hatari. Aliyeumwa na nyoka hawezi kusubiri gari la kesho.

Rafu safi, rekodi safi

Si kila mbinu mpya inahitaji mashine. Katika hospitali nyingi za Tanzania, Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ikiwa miongoni mwa za kwanza, wafanyakazi wamefunzwa utaratibu wa Kijapani unaojulikana kwa maneno matano: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Kisichohitajika huondolewa, kila kitu hupewa mahali pake penye alama, usafi hufanywa kila siku, utaratibu huandikwa, kisha hufuatwa bila kulegea. Katika stoo ya namna hiyo, muuguzi huona kwa macho kwamba boksi fulani linakaribia kwisha.

Rekodi za kielektroniki nazo zinaenea. Sheria ya Afya ya Kidijitali ilipitishwa mwaka 2023, na mwaka huo huo wahudumu wa afya ya jamii kote nchini walianza kupewa simu za kunakili taarifa za nyumba wanazotembelea. Takwimu za vituo zikionekana pamoja, ofisi ya kaunti ndogo inaweza kugundua kwamba zahanati moja ina dawa za kuzidi na jirani yake haina, na kuzihamisha kabla hazijaharibika. Lakini mfumo hausahihishi nambari mbaya. Kosa lililoandikwa kwenye simu hufika makao makuu haraka zaidi kuliko lile la karatasini, na bado ni kosa.

Nafasi ya mkazi

Mgonjwa anaweza kusaidia hesabu hii kwa kubeba kijitabu chake cha kliniki, na kutochukua dawa ya ugonjwa mmoja katika vituo viwili kwa wiki moja. Akikosa dawa, aombe iandikwe kwenye rekodi za kituo kwamba aliihitaji na hakuipata.

Wakazi pia wana uwakilishi katika kamati za usimamizi wa vituo. Kamati hizo zimekuwa na uzito zaidi tangu Sheria ya Ufadhili wa Uboreshaji wa Vituo ya 2023, ambayo inaruhusu vituo vya umma kubaki na pesa vinazokusanya na kuzitumia. Katika mkutano wa kamati au kikao cha ushirikishwaji wa umma, maswali manne yanatosha kuanzia:

- Ni dawa zipi za lazima zilizokosekana tangu mkutano uliopita, na kila moja ilikosekana kwa siku ngapi?
- Oda iliondoka lini, na dawa zilifika lini?
- Wagonjwa waliokosa dawa walihesabiwa katika oda mpya?
- Ni dawa za kiasi gani zilizopitwa na tarehe?

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016, ombi lililoandikwa linafaa kujibiwa ndani ya siku 21, na asiyeridhika na jibu anaweza kulalamika kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki. Msimamizi aliyetunza daftari lake vizuri anaweza kuyajibu maswali hayo manne papo hapo, na majibu yake yatawaonyesha wakazi kama tatizo la rafu yao liko kwenye pesa, kwenye barabara, kwenye sahihi inayosubiriwa, au kwenye hesabu.