Kutengeneza Manifoldi ya Turbo

Somo la redio kwa watu wazima: Ufundi wa Chuma

Walio katika vikundi vya kusikiliza na wasogee karibu na redio, na mwenye kalamu aishike, maana leo kuna vipimo vya kuandika.

Leo twataka kusema juu ya kazi ambayo mafundi wengi wa Uingereza, Marekani na Japani huifanya katika mabanda ya nyumbani kwao. Kazi yenyewe ni kutengeneza manifoldi ya turbo kwa gari la uwanja wa mbio. Mfano wetu ni Mazda MX-5, gari dogo la viti viwili lililoanza kuuzwa mwaka 1989. Lile la kwanza lilikuwa na injini ya lita 1.6 yenye silinda 4, bila turbo. Kwa kuwa ni jepesi, watu hulinunua likiwa limekwisha tumika, hutoa mazulia na vitu visivyo vya lazima, kisha huliendesha katika viwanja kama Brands Hatch huko Uingereza. Haupiti muda mrefu mwenyewe hutamani nguvu zaidi, na hapo ndipo turbo inapoingia.

Turbo ni nini? Moshi utokao katika injini una joto na nguvu nyingi ambayo katika gari la kawaida hupotea bure. Turbo huutumia moshi huo kuzungusha pangaboi dogo. Pangaboi hilo limeshikana kwa ufito mmoja na pangaboi la pili, ambalo huvuta hewa safi, huishindilia na kuitia katika injini. Hewa ikizidi, na petroli ikiongezwa kwa kadiri yake, nguvu nayo huzidi. Jambo hili si geni. Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, alipata hataza yake mwaka 1905, na magari madogo ya petroli yenye turbo yalianza kuuzwa Marekani mwaka 1962.

Manifoldi ndiyo inayopeleka moshi kutoka silinda hadi kwenye turbo. Ifikirie kama mkono wenye vidole vinne: kila kidole kimeshika tundu moja la injini, na kiganja kimeshika turbo. Basi mkono huu una kazi tatu. Wapaswa kupitisha moshi bila kuvuja, wapaswa kustahimili moto, na wapaswa kubeba uzito wa turbo huku gari likitikisika. Ukishindwa hata moja, gari halitamaliza mzunguko.

Tuanze na njia ya moshi. Katika injini yetu silinda huwaka kwa zamu hii: 1, 3, 4, 2. Kila krenki ikizunguka digrii 180, silinda moja huwaka. Lakini vali ya moshi hukaa wazi kwa digrii 240 hivi. Kwa hiyo, kabla ya silinda moja kumaliza kutoa moshi, nyingine imekwisha anza, na moshi wa hii huweza kurudi katika ile. Ndiyo maana mafundi wengine huchagua turbo yenye milango miwili, wakaunganisha silinda ya 1 na ya 4 upande mmoja, na ya 2 na ya 3 upande wa pili. Hapo kila mlango hupokea moshi mara moja kwa kila digrii 360, na mioshi haigombani.

Wengine hupenda mabomba marefu yaliyolingana urefu. Hayo husaidia injini inapozunguka upesi sana, lakini yana maungo mengi ya kuchomelea, na kila ungo ni mahali pa kupasuka. Kwa fundi wa nyumbani anayeanza, manifoldi fupi ya mabomba manene yafaa zaidi.

Sasa chuma chenyewe. Gari la petroli likikimbizwa uwanjani, moshi wake huweza kupita digrii 900 za Sentigredi. Bomba jembamba la ekzosi haliwezi moto huo likiwa na mzigo juu yake. Hutumiwa elbo nene za kuchomelea, zile zitumiwazo viwandani kwa mvuke. Elbo ya inchi 1 na nusu ina upana wa nje wa milimeta 48.3, na unene wa milimeta 2.77 au 3.68. Flanji ya upande wa injini iwe na unene wa milimeta 10 hadi 12.

Je, tuchague chuma cha kawaida au stenlesi? Stenlesi hailiwi upesi na moto, lakini hutanuka zaidi. Chukua bomba la sentimeta 40, ulipashe moto kwa digrii 500. La chuma cha kawaida litaongezeka kama milimeta 2 na nusu, na la stenlesi kama milimeta 3 na nusu. Lakini kichwa cha injini hupozwa kwa maji na hakitanuki kiasi hicho. Bomba lataka kwenda, bolti zalizuia. Lisipopata nafasi, hupasuka. Kwa sababu hiyo matundu ya bolti za mwishoni hupanuliwa kidogo, na flanji hukatwa katikati ya tundu na tundu baada ya kuchomelewa. Tena turbo hupewa mkono wa kuishikilia kutoka kwenye injini, ili bomba lisibebe mzigo peke yake.

Kabla ya kukata chochote, tia turbo mahali pake ndani ya gari, uifunge kwa waya. Fungua na ufunge boneti. Tazama mabomba ya breki, nyaya, na mtaimbo wa usukani. Tazama pia njia ya oili. Oili hutoka katika turbo kwa uzito wake tu; kwa hiyo bomba lake literemke moja kwa moja, lisiwe na bonde, na liingie juu ya usawa wa oili iliyomo ndani ya sampu.

Unapochomelea, funga flanji kwa bolti juu ya kichwa cha injini kilichokufa au bamba nene. Shikiza vipande vyote kwa vidoadoa kwanza, upime, kisha uchomelee kidogo upande huu, kidogo upande ule. Acha ipoe kabisa kabla ya kufungua. Ukiifungua ingali moto, itapinda kama ndizi. Hata hivyo flanji nyingi hupinda kidogo, na hupelekwa kwa fundi wa mashine kusawazishwa.

Kwa stenlesi, gesi ya agoni ipite ndani ya bomba pia. Ikikosekana, upande wa ndani hufanya magamba kama sukari iliyoungua. Gamba moja likibanduka huenda likapiga pangaboi linalozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na turbo ikafa siku hiyo.

Ndugu wasikilizaji, hapa nawaomba msikilize vizuri. Kwanza, msichomelee bomba la maji lililopakwa zinki. Moshi wake huleta homa na kutetemeka. Pili, msisafishe chuma kwa dawa ya kuosha breki yenye klorini kisha mkachomelea. Huweza kutoka gesi ya fosjini, nayo huua. Tatu, moshi wa stenlesi una kromi yenye sumu, nao huweza kuleta saratani ya mapafu. Fanyeni kazi penye hewa, na kinyago kifaacho. Nne, bomba la oili lisipite karibu na manifoldi bila ngao ya bati. Oili ikidondokea chuma chekundu huwaka mara moja, na dereva amefungwa mkanda ndani.

Kazi ikiisha, ziba matundu yote, tia hewa kidogo, na upake povu la sabuni kwenye maungo. Penye mapovu pana tundu. Baada ya kuendesha mara ya kwanza, acha ipoe, kisha ukaze nati zote tena.

Haya ni maswali ya kuzungumzia katika vikundi vyenu:

1. Kwa nini silinda ya 1 huunganishwa na ya 4, wala si ya 3?
2. Kwa nini manifoldi nzuri huweza kupasuka ingawa imechomelewa vema?
3. Bomba la oili lipitishwe wapi, na kwa sababu gani?

Juma lijalo tutasema juu ya petroli, maana injini iliyoongezewa hewa bila kuongezewa petroli hutoboka pistoni. Mpaka hapo, kwaherini.