Kighairi na Batli

Wafasiri wa maelezo ya kompyuta hutuuliza: programu inapofikwa na jambo isiloweza kuendelea nalo, kisha ikaliandika, tuseme nini? Wengi huandika "kosa" na "kumbukumbu". Hayatoshi.

Tarehe 4 Juni, 1996, roketi ya Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa. Baada ya sekunde 40 hivi iliacha njia yake, ikavunjika na kulipuka. Programu ya chombo chake cha kupimia mwelekeo, iliyorithiwa kutoka Ariane 4, ilikuwa ikigeuza namba ya biti 64 iwe namba kamili ya biti 16. Roketi mpya ilikwenda kwa kasi zaidi kuelekea upande, namba ikazidi nafasi iliyowekewa. Kipimo chenyewe kilikuwa sahihi. Kilitoka tu nje ya mipaka iliyotarajiwa. Ndiyo sababu napendekeza "kighairi", kutokana na "ghairi". Najua wapo watakaosema kwamba kughairi ni kubadili nia. Lakini "ghairi ya" tunaitumia pia kwa kilicho nje ya kawaida. "Kosa" humtafuta mkosaji kabla ya sababu.

Kwa kuwa programu haikuwa na sehemu ya kukipokea, hicho kilikuwa "kighairi kisichoshughulikiwa". Kama ilivyoagizwa, chombo kiliandika hali yake katika hifadhi isiyofutika umeme ukatikapo, kikatoa taarifa ya hitilafu, kikajizima. Chombo cha akiba, chenye programu ile ile, kilikuwa kimekwisha kujizima punde kidogo kabla yake. Hapo ndipo msiba ulipokuja: kompyuta kuu iliisoma taarifa ile ya hitilafu kana kwamba ni vipimo vya safari, ikaigeuza roketi kwa nguvu. Hata hivyo hifadhi iliokotwa katika mabaki, na wachunguzi wakaisoma.

Maandishi hayo nayaita "batli", neno la mabaharia kwa daftari la safari ya chombo. "Kumbukumbu" tumekwisha kuipa mikutano, na tena sehemu ya kompyuta ambayo yaliyomo hupotea umeme ukikatika. Fundi akiambiwa aandike katika kumbukumbu, ataandika wapi?

Basi agizo lisomeke hivi: "Kila kighairi kisichoshughulikiwa kiandikwe katika batli kabla programu haijasimama." Mfasiri asiliache neno "kabla".