Kishikwambi kipo, dawa ya mseto hakuna: namba za zahanati zinapotelea wapi?

Wiki mbili zilizopita, dakika za mwisho za kipindi cha asubuhi, uliingia ujumbe wa mama mmoja. Zahanati ya kijijini kwao imeletewa kishikwambi, wananchi wakaambiwa kwamba sasa mambo ni ya kidijitali. Alitaka kujua kwa nini dawa ya mseto bado inaisha kabla mzigo mwingine haujafika. Nilimwahidi jibu. Nimezungumza na wauguzi wawili na mtu anayeshughulika na takwimu za afya kwenye halmashauri, na nimegundua kwamba jibu halitoshi katika dakika 3 za hewani. Ndiyo maana naliandika hapa.

Tuanze na safari ya namba. Ukifika zahanati, jina lako linaandikwa kwenye rejesta, yale madaftari makubwa ya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Mwisho wa mwezi mhudumu anapitia rejesta, anahesabu, anajaza fomu ya majumuisho, kisha namba zinaingizwa kwenye mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2. Mizizi ya mfumo huo ni Afrika Kusini ya miaka ya 1990, ukaendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na leo nchi zaidi ya 70 zinautumia. Kenya iliueneza nchi nzima mwaka 2011, nasi Tanzania tukakamilisha mikoa yote mwaka 2013, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakiwa miongoni mwa walioutengeneza ufae mazingira yetu.

Kwa hiyo mashine si jambo la jana. Kinachosumbua ni kitu kingine: kujua kubonyeza kishikwambi na kuelewa namba ni stadi mbili tofauti. Ya kwanza inafundishika kwa siku moja. Ya pili ndiyo inayoleta dawa, na mara nyingi ndiyo isiyofundishwa.

Nichukue hiyo dawa ya mseto. Kuagiza dawa kutoka Bohari ya Dawa, MSD, kuna fomu yake. Mhudumu anaandika alianza na kiasi gani, alipokea ngapi, ametumia ngapi, zimebaki ngapi, na dawa ilikosekana kwa siku ngapi. Hapo kwenye siku ndipo pa kusimama.

Tuseme kipindi cha kuagiza ni siku 60. Zahanati ilikuwa na dozi 120, zikaisha zote siku ya 30. Mwezi mzima uliofuata wagonjwa wakaambiwa wakanunue dukani. Mhudumu akijaza kwamba alitumia dozi 120 na siku za kukosa dawa akaandika 0, hesabu itaonyesha kwamba zahanati hii inatumia dozi 60 kwa mwezi. Akiandika siku 30, hesabu itaonyesha dozi 120 kwa mwezi. Zahanati ni ileile, wagonjwa ni walewale, lakini oda ya pili ni mara mbili ya ile ya kwanza. Na yule aliyeandika 0 ataletewa tena dozi 120 za siku 60, zitaisha tena siku ya 30, naye ataandika tena 0. Kompyuta haitamuuliza kitu, kwa sababu 0 ni jibu halali.

Si kila dawa inayokosekana imepotea kwa njia hiyo. Bajeti huwa haitoshi, barabara hukatika, na bohari nayo huishiwa. Lakini hili la namba ndilo linaloweza kurekebishwa palepale kijijini, bila kusubiri gari wala fedha kutoka juu.

Muuguzi mmoja alinieleza kwamba kwa miaka kadhaa hakujua kile kisanduku cha siku kina kazi gani. Alikuwa akikijaza ili fomu isikataliwe. Simlaumu. Alizalisha usiku, asubuhi akachanja watoto, mchana akahudumia wagonjwa wa nje, na mwisho wa mwezi rejesta zote zinamsubiri, pamoja na kishikwambi ambacho anatakiwa kurudia humohumo alichokwisha kuandika kwa kalamu. Mtu huyo ukimwambia ajaze visanduku bila kumwonyesha vinakwenda wapi, atavijaza tu.

Kuna makosa ambayo mfumo wenyewe hukamata. Ukiandika umepima malaria watu 40 na wenye vimelea ni 52, kompyuta inaweza kugoma, kwa sababu wagonjwa hawawezi kuzidi waliopimwa. Lakini ukiwa umepima 60, na wagonjwa 25 ukawageuza 52 kwa uchovu wa vidole, inapita. Aliyeketi kwenye benchi lile mwezi mzima ndiye peke yake anayeweza kuitazama namba na kusema hapana, mwezi huu malaria haikuwa nyingi hivyo.

Sifuri na nafasi tupu nazo huchanganywa. Sifuri maana yake tulihesabu tukakuta hakuna. Nafasi tupu maana yake hakuna anayejua. Kituo kinachoacha tupu mahali pa vifo vya watoto wachanga hakijasema kwamba hakuna mtoto aliyekufa, ila aliye makao makuu ya wilaya anaweza kusoma hivyo.

Hata sisi wa redio hatujambo kwa makosa haya. Kuna wakati nilitangaza kwa furaha idadi ya wasikilizaji walioshiriki mjadala wetu, kumbe nilihesabu ujumbe badala ya watu. Msikilizaji mmoja peke yake alikuwa ametuma 11.

Sasa sikiliza hili la chanjo, ambalo lilinishangaza. Kila zahanati hupewa makadirio ya watoto inaotarajiwa kuwachanja kwa mwaka, na makadirio hayo hutoka kwenye sensa. Sensa ya 2012 ilitumika kwa miaka kumi hadi tulipohesabiwa tena 2022. Chukua zahanati iliyokadiriwa watoto 40, ikachanja 52. Hiyo ni asilimia 130. Mhudumu asiyeelewa ataogopa, atadhani atashutumiwa kwa kupika takwimu, na anaweza kushawishika kupunguza ili isome 40. Lakini huenda wale 12 ni watoto halisi, ambao mama zao wanavuka mto kutoka kijiji jirani kisicho na zahanati. Akiwafuta kwenye karatasi, chupa za chanjo zitakuja kwa hesabu ya 40. Mhudumu anayeelewa ataiacha 52 ilivyo na kuandika pembeni wanakotoka.

Mafunzo yapo, lakini yanafanyika namna gani? Mara nyingi mganga mfawidhi anaitwa mjini siku 3, anakaa ukumbini kutazama picha za kompyuta ukutani, anarudi na daftari na kalamu. Miezi sita baadaye anahamishwa, na ujuzi unaondoka na begi lake. Kwa maoni yangu fedha hizo zingefanya kazi zaidi kama msimamizi angekuja zahanati, akakaa na wahudumu wote, pamoja na yule anayetoa dawa dirishani, wakafungua rejesta ya mwezi uliopita na kuilinganisha na ripoti iliyotumwa. Nusu saa kila mwezi inatosha kuanzia. Na halmashauri ikishapokea namba, irudishe kitu: ninyi mliripoti hivi, jirani zenu hivi, tofauti hii inatokana na nini?

Wala jambo hili halihitaji umeme. Kwenye zahanati nyingi kuna chati ya chanjo imebandikwa ukutani, muuguzi anaongeza nukta kila mwezi kwa kalamu na kuunganisha mstari. Mstari ukilala chini ya ule wa lengo, anajua kuna watoto hawajaletwa na anaanza kuulizia kwenye vitongoji. Huyo anatumia data, hata kama hajawahi kugusa kompyuta.

Jambo moja zaidi kwa wahudumu. Kupiga picha ukurasa wa rejesta na kuurusha kwenye kundi la WhatsApp ili kuomba msaada wa kujumlisha ni kurusha majina na magonjwa ya majirani zako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Andika namba tu, majina yabaki kitabuni.

Wewe msikilizaji, zahanati yako ina kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka kijijini. Kikao kijacho waulizeni: dawa gani zilikosekana, kwa siku ngapi, na je, siku hizo ziliandikwa kwenye oda?

Yule muuguzi wa kisanduku cha siku amenipigia tena juzi. Amening'iniza kalenda ya ukutani kwenye chumba cha dawa, ile inayogawiwa na maduka mwisho wa mwaka. Dawa ikiisha, anaandika jina lake kwenye tarehe kwa kalamu nyekundu, na mzigo ukifika anaandika kwa kalamu ya bluu. Siku ya kuagiza anahesabu visanduku vilivyo kati ya rangi hizo mbili.