Kabla hujaifufua Celica uani kwako, anza na kinachosimamisha

Na Mwandishi Maalumu, Gisenyi

UKITAKA kujifunza ufundi wa kubadilisha chombo cha kusafiria, usiende mbali. Simama Petite Barrière asubuhi, pale umati unapovuka kwa miguu baina ya Gisenyi na Goma, uzitazame baiskeli za magurudumu matatu za walemavu. Chombo kilichobuniwa kumbeba mtu mmoja kimeongezewa vyuma, kikapanuliwa nyuma, na sasa kinabeba magunia. Hakuna kiwanda kilichokiunda hivyo. Ni kazi ya mafundi wa kuchomelea wa mitaani, na mwenye chombo akisimama pembeni akiwaelekeza. Mwenye baiskeli anayejua kazi yake hukagua magurudumu na breki kwanza, ndipo aite mzigo.

Somo hilo nataka tulipeleke uani, kwa wenzetu walioshikwa na homa nyingine: kununua gari kuukuu la michezo, lile la milango miwili ambalo Wafaransa huliita coupé, na kulifanyia ukarabati nyumbani. Msomaji anayejua Kiswahili atacheka kidogo, maana kupe kwetu ni mdudu anyonyaye damu ya ng'ombe. Mwenye gari hilo naye atakuambia kwamba mfuko wake unanyonywa vivyo hivyo. Lakini fedha si jambo kubwa. Kubwa ni roho ya mtu.

Mapenzi yaliyotoka Safari Rally

Kwa nini wengi hupenda Toyota Celica? Sisi tuliokulia uhamishoni Tanzania, Uganda na Kenya hatuhitaji kuulizwa. Mashindano ya Safari Rally tuliyafuata redioni kama watu wengine wanavyofuata mpira. Celica ilishinda Safari mara tatu mfululizo, mwaka 1984, 1985 na 1986. Ikarudi ikiwa na magurudumu manne yanayovuta, ikashinda tena 1990, 1992, 1993, 1994 na 1995. Mwaka 1993 Celica zilishika nafasi nne za kwanza zote. Mwaka uliofuata mshindi alikuwa Ian Duncan, dereva wa Kenya. Mtoto wa shule aliyesikia hayo alikua akiamini kwamba Celica haishindwi na tope wala vumbi.

Toyota iliunda Celica tangu 1970 hadi 2006, kisha ikaacha. Kwa hiyo hata ile changa kabisa ni gari la umri mkubwa. Nyingi zinazopatikana Afrika Mashariki zilitoka Japani zikiwa zimekwisha kutumika huko, tena hazikuwa zile za turbo. Ni za magurudumu mawili ya mbele, nyingi zikiwa na injini ya lita mbili iitwayo 3S-FE. Hiyo ni bahati kwa mnunuzi. Injini hiyo hiyo ilifungwa katika Corona, Ipsum, Noah na RAV4 za miaka ya 1990, magari ambayo mafundi wetu wameyafungua na kuyafunga mara nyingi. Pampu ya maji, mkanda wa taimingi na plagi si vitu vya kuagiza ng'ambo. Kinachosumbua ni vile vya Celica peke yake: vioo, taa, milango na mapambo ya bodi. Kwa hiyo ukiletewa gari lenye injini mbovu na bodi nzima, na jingine lenye injini nzima na bodi iliyooza, chukua la kwanza.

Tulirudi na usukani wetu

Hapa ndipo pana jambo ambalo vitabu vya ufundi vya Ulaya havitakuambia. Tanzania, Uganda na Kenya huendesha kushoto, na usukani uko kulia. Rwanda, Burundi na Congo huendesha kulia, na usukani uko kushoto. Ukitoka Tanzania, ni pale Rusumo penye Mto Kagera ndipo unapobadili upande.

Baada ya 1994 wengi wetu tulirudi na magari ya huko tulikotoka. Aliyetoka Uganda alikuja na usukani wa kulia, aliyetoka Bujumbura au Bukavu na wa kushoto, kama vile mmoja alivyorudi na Kiingereza na mwenzake na Kifaransa. Hata miguu yetu ilikuwa ya uhamishoni. Shuleni Tanzania tulifundishwa: tazama kulia, tazama kushoto, tazama kulia tena, ndipo uvuke. Huku gari lililo karibu nawe hutokea kushoto. Nimewafundisha wanafunzi wangu kinyume cha nilichofundishwa mimi, na bado shingo yangu hugeuka kulia kwanza.

Katikati ya miaka ya 2000 Rwanda ilizuia kuandikisha upya magari ya usukani wa kulia. Sababu inaeleweka hata kwa asiye dereva. Ukikaa kulia katika barabara ya kulia, uko kandokando ya mtaro. Ukitaka kulipita lori kwenye milima ya kuelekea Musanze, ni lazima nusu ya gari itokeze upande wa pili kabla macho yako hayajaona kinachokuja. Anayeona kwanza ni abiria wako wa mbele, na huenda amelala.

Rwanda ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, ulizuka mjadala kama nchi ihamie kushoto ifanane na majirani. Nchi zimewahi kuhama. Sweden ilitoka kushoto kwenda kulia tarehe 3 Septemba 1967. Samoa ilifanya kinyume chake mwaka 2009, ili wananchi wapate magari ya bei nafuu kutoka Australia na New Zealand. Sisi tumebaki kulia. Kwa hiyo kabla hujalipia Celica ya usukani wa kulia iliyoko Kampala au Mwanza, nenda Mamlaka ya Mapato na kwa polisi wa barabarani, uulize kama itaandikishwa, na kwa masharti gani. Usimwulize anayekuuzia.

Kuhamisha usukani ni upasuaji

Wapo watakaokuambia kwamba usukani ni jambo dogo, utahamishwa kwa siku chache. Msomaji, sikiliza vizuri. Kuhamisha usukani si kuhamisha gurudumu la mkono tu. Ni kuhamisha reki inayogeuza magurudumu, mhimili wake, pedali zote, pampu ya breki pamoja na kisaidizi chake, dashibodi nzima, wipa na nyaya. Ukuta wa bati unaotenga injini na miguu yako hukatwa na kuchomelewa upya.

Kazi hiyo ina njia mbili. Ya kwanza ni kutafuta gari la pili la aina hiyo hiyo lililoundwa kwa usukani wa kushoto, kama zile zilizouzwa Ulaya na Marekani, kisha kuhamisha vifaa vyake kimoja kimoja. Ni ghali na inachukua muda, lakini kila kifaa kinakaa mahali palipobuniwa kwa ajili yake.

Ya pili ni ya mkato. Reki ya zamani inaachwa ilipo, kisha unaunganishwa mhimili wa kuchomelea au mnyororo kutoka kushoto kwenda kulia. Breki nazo hufanywa hivyo hivyo: pedali iko kushoto, pampu imebaki kulia, na kati yake kuna fimbo ya chuma. Gari litatoka gereji likitembea, tena vizuri. Lakini weldi inayopindwa kila kona huchoka polepole bila kupiga kelele. Siku ikikatika, dereva atageuza usukani na magurudumu yasigeuke. Kwenye mteremko wa kushukia Gisenyi hutapata muda wa kulaumu fundi.

Ushauri wangu ni huu: kama huna uwezo wa njia ya kwanza, usiifanye ya pili. Tafuta gari lililozaliwa na usukani wa kushoto, hata likiwa limechakaa zaidi. Rangi hupakwa upya na viti hushonwa.

Mpangilio wa kazi za uani

Tuseme umelipata. Kijana mwenye Celica mpya hutaka kuanza na rimu pana, eksozi ya kunguruma na kukata springi ili gari lilale chini. Mpangilio salama ni kinyume chake.

Kwanza, breki. Badilisha mipira yote ya zamani, kagua diski na pedi, mwaga mafuta ya breki na utie mapya. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Kiwango kinachotakiwa kwa mafuta ya DOT 4 mapya ni yasichemke chini ya nyuzi 230. Yakishanyonya maji, kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 155. Kwenye mteremko mrefu yakichemka huingia mvuke, na pedali hushuka hadi chini bila gari kusimama. Yabadilishe kila baada ya miaka miwili.

Pili, matairi na miguu ya gari. Tazama tarehe ya tairi ubavuni: tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. Tairi la miaka kumi lenye kashata nzuri ni zee tu. Badilisha shokapu, boljointi na tairodi kabla ya kufikiria rimu. Springi usizikate. Springi iliyokatwa inaweza kuchomoka mahali pake gurudumu linaporuka shimo, na barabara za mawe ya volkano hazimhurumii aliyelala chini.

Tatu, taa. Hili wengi hulisahau hata baada ya kuhamisha usukani. Taa za gari la kuendeshea kushoto zimeundwa kuinua mwanga upande wa kushoto, ukingoni mwa barabara. Huku kwetu ukingo huo ndiko anakotoka mwenzako. Unampofusha usiku kucha bila kujua, naye anakutukana bila wewe kusikia. Tafuta taa za upande wetu.

Nne, injini. Mkanda wa taimingi kama historia yake haijulikani, badilisha leo, usisubiri kilomita 100,000. Safisha rejeta, weka chujio jipya la hewa. Kisha liache lilivyo. Gisenyi iko karibu mita 1,500 juu ya bahari na hewa ni nyepesi, kwa hiyo injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 15 ya nguvu zake. Eksozi ya kunguruma haitarudisha hewa hiyo. Itawarudisha majirani mlangoni kwako.

Ukiwa chini ya gari, jeki peke yake haitoshi. Weka stendi za chuma au magogo imara, na watoto wakae mbali.

Mpaka ukifungwa?

Neno la mwisho ni kwa wafanyabiashara. Wengi wetu tumezoea kwamba kitu kikikosekana Gisenyi kitapatikana Goma, nacho kitu cha Goma kitapatikana Gisenyi. Ni kweli siku mpaka ukiwa wazi. Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa sababu ya korona, na aliyekuwa na gari juu ya magogo akisubiri kifaa kimoja aliendelea kusubiri. Gari kuukuu lisifunguliwe mpaka vipuri vyote viwe ndani ya nyumba. Na risiti zitunzwe, maana ukaguzi wa kontrole tekinike na kampuni ya bima watataka kujua ulichobadilisha na kimetoka wapi.

Celica hizi zinastahili kufufuliwa. Ni vyombo vilivyoundwa kwa uangalifu, na kijana anayejifunza kwa mikono yake uani hupata elimu ambayo mimi mwalimu sina chaki ya kuifundisha. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Yule mwenye baiskeli ya magurudumu matatu hana haja ya methali. Anajua kwamba mzigo ukimzidi nguvu kwenye mteremko, hakuna atakayemshikia breki. Nawe mwenye koupe yako, kila nguvu unayoiongeza, uliza kwanza itasimamishwa na nini.