Kutoka Matulo Hadi Dar es Salaam
Mwanafunzi wa Kiswahili atokaye Matulo, jirani na Webuye, aendapo kusomea Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huweza kudhani kwamba hana haja ya kuichunguza Tanzania kwanza. Lugha si ni ile ile? Hapo ndipo anapoteleza. Kuita matatu daladala, au githeri makande, ni jambo la siku mbili. Adabu ya usemi ndiyo nzito. "Nipe chai", kauli isiyomkera mtu kwao, huko husikika kama amri. Wenyeji husema "naomba". Mkubwa kwa umri naye huamkiwa "shikamoo". "Habari" pekee haitoshi. Mzungu akikosea husamehewa, kwani anajifunza. Mkenya hudhaniwa ana kiburi. Kabla ya safari, basi, aisikilize TBC Taifa, akitega sikio kwenye maamkizi na namna ya kuomba.