Picha za gulioni: mali inayofutwa kila wiki Karagwe na Kyerwa

SIKU ya gulio Omurushaka, Nkwenda au Murongo, yuko mfanyabiashara mmoja asiyetandaza turubai wala kupanga meza. Bidhaa yake bado haipo. Ataitengeneza humo humo gulioni, na mara nyingi mnunuzi wake hajui kwamba ni mnunuzi. Hupita katikati ya mikungu ya ndizi na magunia ya maharage, kamera ikining'inia shingoni, akimvizia mama anayecheka baada ya kushinda ubishi wa bei, au wazee wawili walioonana baada ya miaka mingi. Anabonyeza kwanza, halafu ndipo anajitambulisha.

Wengi wanamfahamu mpiga picha kwa kazi za kuitwa: harusi, kipaimara, mahafali ya shule, picha za pasipoti. Kazi hizo hupatanwa bei mapema na kutolewa kianzio. Picha ya gulioni ni biashara ya aina nyingine kabisa, kwa kuwa mtaji unatangulia na mteja anafuata. Mpiga picha anakopesha bila kuombwa, kisha anaanza kumtafuta mdeni wake.

Enzi za filamu hesabu yake ilikuwa kali. Filamu ya kawaida ilitoa picha 36. Tuseme kununua filamu, kuisafisha na kutoa picha zote kuligharimu sawa na bei ya picha 20. Akiuza 30, faida ni bei ya picha 10. Picha 12 zikikosa wenyewe, faida inashuka hadi 4. Zikikosa 16, amefanya kazi ya wiki nzima kwa sifuri, na nauli ya kupeleka filamu mjini haijahesabiwa. Ndiyo maana mpiga picha wa zamani hakubonyeza hovyo. Alimchagua mtu ambaye angemwona tena gulio lijalo: mwenye kibanda, fundi cherehani, mchuuzi wa samaki. Msafiri aliyepita mara moja kuelekea Uganda alimwacha apite, hata kama tukio lake lilikuwa zuri kuliko yote.

Zile zilizokosa wenyewe ziliishia kwenye boksi chini ya kitanda, pamoja na negativu zake. Ilikuwa hasara, lakini boksi halikutupwa.

Kisha zikaja kamera za dijitali na, nyuma yake, simu. Mwezi Januari 2012 kampuni ya Kodak, iliyouza filamu dunia nzima kwa zaidi ya karne moja, iliomba kinga ya kisheria dhidi ya wadai wake nchini Marekani. Mwaka huo huo ndipo Kyerwa ilipomegwa kutoka Karagwe na kuwa wilaya inayojitegemea, na wapiga picha wa pande zote mbili walikuwa tayari wanaona mkate wao ukipungua. Hata picha za vitambulisho zilianza kuwaponyoka, kwa sababu NIDA humpiga mwombaji picha papo hapo wakati wa kumsajili.

Hata hivyo, picha ya gulioni haikufa. Simu ya mkononi inampiga mtu anayejiandaa kupigwa, au anayejipiga mwenyewe. Haimpigi muuza ndizi aliyeshika kazi kwa mikono yote miwili. Aidha, picha iliyo kwenye simu huondoka na simu yenyewe, ikiibwa, ikiuzwa au ikitumbukia chooni. Karatasi hutundikwa ukutani. Mpiga picha mwenye printa ndogo anaweza leo kumwonyesha mteja kioo cha kamera, wakakubaliana, na picha ikatoka mteja angali hapo hapo. Haibaki karatasi isiyo na mwenyewe, na ile hesabu ya 36 imekwisha.

Wateja nao huja kwa msimu. Wilaya hizi mbili huishi kwa kahawa, nyingi ikiwa ni robusta, na mavuno huanza kuchanganya kuanzia Mei. Malipo yanapotoka kwenye vyama vya msingi vilivyo chini ya KDCU, mpiga picha hupata wateja ambao Machi wasingemtazama. Mkulima anayeweka bati jipya au kununua pikipiki anataka ushahidi wa karatasi. Nje ya msimu huo, mwenye kamera hurudi shambani kama jirani zake, na kwa kweli wengi wao ni wakulima wenye kamera kuliko wapiga picha wenye shamba.

Lakini iko hasara mpya ambayo wachache wanaihesabu. Picha isiyouzwa siku hizi haiendi kwenye boksi. Inafutwa. Memori kadi ikijaa, husafishwa jioni ili kesho pawe na nafasi, na kinachofutwa ni zile zile picha za bahati ambazo mhusika hakuzinunua siku ile.

Thamani yake hujitokeza kwenye msiba. Familia inahitaji picha ya kukuza na kuweka mbele ya jeneza, na inapopekua nyumba inakuta ya kitambulisho tu: uso mkavu, macho yaliyoshtushwa na mwanga. Ndipo mtu hukumbuka kwamba marehemu alipigwa picha gulioni mwaka fulani, hakuwa na hela, akasema atakuja kuichukua. Enzi za negativu safari ya kwenda kwa mpiga picha ilikuwa na matumaini. Siku hizi mara nyingi ni bure, na mwenye kamera hukosa mauzo ambayo hakuna mteja angebishania bei.

Upande wa pili wa mto Kagera, huko Mbarara, Uganda, Musa Katuramu alikuwa mwalimu wa useremala aliyependa kamera. Aliwapiga picha watu wa Ankole kuanzia miaka ya 1930, na familia yake ikatunza negativu. Mwaka 2014 picha hizo zilitolewa kitabu, na leo ni kati ya kumbukumbu bora za maisha ya eneo hilo. Karagwe yenyewe haikubahatika mapema. Mwaka 1861 James Grant alifika na Speke kwa Mfalme Rumanyika bila kamera. Alikuwa nayo Zanzibar, lakini ilirudishwa kwa sababu joto la hema la kutayarishia vioo lingemuua. Ikabidi Karagwe achore kwa mkono.

Mbali zaidi, mjini Chicago, yaya mmoja aitwaye Vivian Maier alipiga picha za barabarani kwa miongo kadhaa bila kuziuza. Mwaka 2007 masanduku yake yalipigwa mnada kwa deni la kodi ya ghala. Alifariki mwaka 2009, na negativu zake, zaidi ya 100,000, zikawa mali kubwa. Walionunua masanduku walikuja kujifunza mahakamani kwamba kununua negativu si kununua hakimiliki. Tanzania nayo ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayolinda pia picha za mnato. Upande wa pili, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamlazimu mwenye kamera kumheshimu anayepigwa. Kumuuzia mama picha yake ni jambo moja. Kuitumia kwenye tangazo la duka bila ridhaa yake ni jambo jingine.

Kutunza si gharama ya kutisha. Mpiga picha anayebaki na picha 100 kila gulio, magulio mawili kwa wiki, hukusanya takriban 10,400 kwa mwaka. Kila moja ikiwa na MB 5, zote zinachukua GB 52, yaani flashi moja ya GB 64 inatosha mwaka mzima. Diski ya TB 1 inabeba kama miaka 19. Zinahitajika nakala mbili, kila moja nyumba yake, kwa kuwa vifaa hivi hufa bila kuaga.

Mwenye boksi la zamani aliondoe chini ya bati lenye joto na mbali na moshi wa jikoni. Mvua za Kagera huleta ukungu, hivyo bahasha ya karatasi ni bora kuliko mfuko wa plastiki. Negativu inaweza kunakiliwa hata bila mashine: ishikiliwe juu kidogo ya kioo cha simu kinachowaka cheupe, ipigwe picha kwa simu nyingine, kisha rangi zigeuzwe kwa programu ya kawaida. Na kila faili lipewe jina la gulio na tarehe, kwa sababu mtu anayekuja kutafuta picha ya baba yake hajui namba iliyoandikwa na kamera. Anajua kwamba ilikuwa Nkwenda, msimu wa kahawa.