Kifurushi Kinapogoma Ndani ya Mathematica

Mathematica, programu ya hesabu iliyotolewa mwaka 1988, hupokea amri za ziada kupitia vifurushi, yaani mafaili ya amri alizojitungia mtumiaji, na isipopewa anwani kamili huyatafuta katika folda zilizoorodheshwa kwenye $Path tu, hivyo faili lililowekwa kwingine halionekani. Kosa sumbufu zaidi huzuka jina la amri linapoandikwa kabla ya kifurushi kupakiwa, kwa kuwa jina hilo husajiliwa katika Global`, ambalo ni kundi la majina ya kawaida, na mistari iliyolitumia mapema hurudisha maandishi yaleyale bila kukokotoa chochote. Dawa ni kulifuta kwa Remove na kuiandika mistari hiyo upya. Kusakinisha programu nzima tena ni kujichosha bure.